Siku ya Kumi na Saba ya Mionzi

Ndugu zangu wa jumuiya, nawasalimu nyote, na wazee mliokaa huku mbele, shikamooni. Mwenyekiti amenivutia kiti. Nashukuru, ila niacheni nisimame, nikikaa nitaongea kama ninayezungumza na mteja na huko nyuma hamtanisikia.

Kazi yangu mnaijua, ni fundi cherehani pale Lizaboni. Nusu ya gauni za komunyo zinazopita kanisani hapa nimezishona mimi. Leo nitasema mambo ya mwili. Nitataja njia ya haja kubwa, maana ndiko ugonjwa wangu ulikokuwa, na nikianza kuzunguka hamtanielewa. Majina ya watu sitataja, hata ya walionisaidia. Wenyewe wanajijua.

Ilianza na damu. Asubuhi moja nilikwenda chooni, nikaona damu nyekundu juu ya haja. Nikajiambia ni bawasiri. Mtu aliyekaa kwenye cherehani miaka ishirini na kitu, asipate bawasiri? Nikaenda duka la dawa, nikamnong'oneza muuzaji, akanipa vidonge vya kuingiza huko huko. Damu ikakata wiki mbili, ikarudi.

Nawaambieni ukweli, ile damu haikunitisha sana. Nilichoogopa ni watu kujua. Vitambaa nilivyojifunga nilivichoma pamoja na vipande vya nguo vya pale kazini, mtu akipita aone fundi anachoma takataka. Mume wangu tunalala kitanda kimoja, na hakujua. Nikawa nakwenda chooni mara saba, mara nane kwa siku. Nikifika hakitoki kitu, damu na ute tu, na nikisimama najiona bado nimejaa. Haja yenyewe ikawa nyembamba kama utepe. Nikawa nakanyaga cherehani nimekalia tako moja. Wateja wakaniambia fundi umepungua, nikawajibu nafunga. Kwaresima ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Mwaka mzima nilikaa hivyo.

Baadaye nilijikaza, nikaenda hospitali hapa hapa Songea mjini peke yangu. Nikamkuta daktari kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Akanisikiliza vizuri. Akasema, "Mama, kwa maelezo haya inabidi nikupime kwa kidole. Ni dakika moja tu, na nesi atakuwa hapa pamoja nasi."

Nikamtazama yule kijana. Nikatazama mikono yake. Nikamwambia, "Nimekuelewa, baba. Leo sijajiandaa. Nitarudi kesho."

Sikurudi. Niliposhika njia nilijisikia nimeponea chupuchupu, kama mtu aliyemkwepa anayemdai. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Ugonjwa ulikuwa umenikuta tu, kama unavyoweza kumkuta yeyote. Lakini kuondoka kwenye kile chumba nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa dada yangu, anayekaa Lusewa. Alikuja kunitembelea, akaniona ninavyoinuka kitini nimeshika meza, akaniuliza mpaka nikasema. Dada yangu yupo hapa leo, na ameniruhusu niseme haya. Alilia, kisha akasema kuna mtu kwenye kijiji kimoja upande wa Madaba, anawapa watu maji, wanapona. Akasema watu wanatoka mbali kumfuata.

Tukaenda. Nikapewa dumu la maji yenye rangi ya majani. Nikaambiwa ninywe asubuhi na jioni na niyakalie kwenye beseni. Na nikapewa sharti, nisichanganye na dawa ya hospitali, nikichanganya nguvu yake inakufa. Lile sharti nililipenda, nisiwafiche. Lilinipa ruhusa ya kutokwenda kwa yule kijana.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa binti mdogo wakati wa Mjerumani. Baba yake alikunywa maji ya vita, yale ya Majimaji, akaenda kwenye bunduki akiamini risasi zitayeyuka. Hakurudi. Nilipokuwa mtoto niliwahi kumcheka yule mzee mbele ya bibi. Nilisema, "Aliaminije kitu kama kile?" Bibi aliacha kupepeta mahindi, akanitazama, akasema, "Baba yangu hakuwa mjinga. Alikuwa amebanwa." Sikuelewa hata kidogo. Nilikuja kuelewa nimekaa kwenye beseni la plastiki, mlango nimeufunga, nasubiri maji yaniponye. Kwa hiyo msimcheke dada yangu, na mimi msinicheke. Tulikuwa tumebanwa.

Wiki ya kwanza niliona nafuu. Ya pili haja ikakataa kutoka kabisa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tumbo likajaa, likakaza kama ngoma, hata hewa haipiti. Siku ya nne nikaanza kutapika. Saa tano mchana mume wangu alirudi nyumbani kuchukua jembe alilolisahau, akanikuta sakafuni, shavu langu liko kwenye saruji kwa sababu ya ubaridi wake.

"Una nini?"

Nikasema, "Tumbo tu."

Akainama kunishika, akaona khanga yangu nyuma. Akaniuliza, "Hii damu ya lini?"

Sikuweza kudanganya tena. Nikamwambia, "Ya mwaka jana."

Mume wangu si mtu wa maneno. Alinibeba mpaka barabarani, mwanamke mzima, majirani wanatazama. Yale macho ya watu niliyoyakimbia mwaka mzima yalinitazama yote siku ile, na sikufa kwa ajili yake.

Hospitali nikamkuta nani? Yule yule kijana. Nilifumba macho. Akanishika bega, akasema taratibu, "Mama, ulisema utarudi kesho." Hakuna ukali ndani yake. Bora angenigombeza. Safari hii nilimwacha apime. Ilikuwa dakika moja kweli, kama alivyokuwa amesema. Alipomaliza hakunitazama usoni mara moja, akavua glovu polepole, nikajua.

Akasema ndani kuna uvimbe, umeziba njia. Jioni ile ile wakanipasua tumbo, si kuutoa, ni kufungua njia nyingine. Nilipoamka nikagusa ubavu wa kushoto, nikakuta mfuko. Utumbo wangu umetolewa nje ya ngozi, haja inatokea pale. Walikata kinyama kidogo kwenye uvimbe wakapeleka kupimwa. Baada ya majuma matatu jibu likaja, saratani ya puru. Puru ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kabla ya kutokea nje. Tukapelekwa kwenye picha kubwa, na picha ikaonyesha uvimbe umeshatoka nje ya ukuta wa utumbo, umejishikiza nyuma ya kizazi.

Mume wangu akamwambia daktari, "Basi mkate mtoe."

Yule kijana akachukua karatasi akatuchorea. Akasema, "Baba, nikikata leo, nitautoa huu na kuacha mizizi hapa na hapa, kisha utarudi. Kwanza apigwe mionzi, na vidonge vya saratani pamoja, mpaka usinyae na kuachia. Ukishaachia ndipo tukate. Mashine hapa Songea hatuna. Ni Dar es Salaam, majuma matano."

Nikamuuliza, "Na usiposinyaa?"

Akasema, "Tutakaa tena, tuangalie. Sitakudanganya, mama. Umechelewa. Lakini mlango haujafungwa."

Habari za mionzi nilizozisikia kabla ya kuondoka, naomba Mungu awasamehe walionipa. Mmoja aliniambia inakuunguza utumbo mzima. Mwingine akasema ukishapigwa huruhusiwi kumpakata mtoto, unamwambukiza. Nawaambia mimi niliyepigwa mwenyewe, mionzi ile ikizimwa imezimwa. Haibaki ndani yako. Wajukuu zangu niliwapakata.

Tulisafiri kwa basi kutwa nzima, nimekalia mto, mfuko nimeushika kwa mkono kila tukipita tuta. Mume wangu alikaa nami wiki ya kwanza, kisha akarudi kuvuna, maana mahindi hayasubiri. Mimi nikabaki kwenye nyumba ya wagonjwa wanaotoka mikoani, chumba kimoja wanawake wanne.

Kabla ya kuanza walinilaza kwenye mashine ya picha wakanichora alama kwenye nyonga na chini ya kitovu. Mtaalamu wa mashine, dada mmoja mpole, akaniambia, "Mama, usizisugue ukioga. Hizi ndizo ramani yetu." Mimi fundi, nilimwelewa mara moja. Hata mimi nikichora chaki kwenye kitambaa sitaki mtu aifute.

Kila siku ilikuwa hivi. Unakunywa maji mpaka kibofu kinajaa, kwa sababu kikijaa kinasukuma utumbo mwembamba juu, usipigwe. Unalala chali juu ya meza ngumu. Wanakusogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka alama zikutane na taa. Wanakuambia usitikisike. Kisha wote wanatoka, mlango mnene unajifunga, unabaki na ile mashine inayokuzunguka.

Siku ya kwanza nilishika kingo za meza nikingojea moto. Hakuna moto. Hakuna kitu kabisa, mlio tu. Nilitoka nimeloa jasho, nikamuuliza yule dada, "Mmekwisha kupiga?" Akacheka, akasema, "Tumepiga, mama. Kesho tena."

Ishirini na tano ndizo nilizopangiwa, moja kila siku, Jumamosi na Jumapili unapumzika. Kumi za kwanza nilizibeba vizuri. Nikaanza kuwatumia nyumbani ujumbe wa kujigamba.

Juma la tatu likanishika. Ngozi kule chini na katikati ya mapaja ikawa nyeusi, kisha ikaanza kuchubuka. Kukojoa kukawa kama kukojoa pilipili. Mfuko unajaa maji maji, naumwaga, unajaa. Chakula kinanuka chuma. Na uchovu, ndugu zangu, si ule wa kulima. Unalala umechoka, unaamka umechoka zaidi. Hapo hakuna mtu anayekuonyesha kwamba uvimbe unasinyaa. Unachokiona kwa macho yako ni kwamba ulikuja mzima kidogo, na sasa unaharibika.

Siku ya kumi na sita nilimuuliza daktari wa huko, "Unasinyaa?"

Akasema, "Hatuwezi kujua sasa. Tutapima ukimaliza na kupumzika majuma kadhaa."

Nikarudi chumbani, nikakunja nguo zangu. Nilishaamua. Nitakwenda kufia kwangu, Songea, kitanda changu mwenyewe, mume wangu karibu. Nilijiona nimepata akili. Nikafunga begi, nikasema nimuage mama mmoja niliyekuwa nalala naye kitanda jirani.

Mama huyu alikuwa mtu wa Tunduru, mkulima wa korosho, Mwislamu wa swala tano, amenizidi miaka kama kumi na mitano. Saratani yake ilikuwa ya shingo ya kizazi. Hakuwa msemaji, tulikuwa tunasalimiana na kusaidiana ndoo tu. Nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuaga."

"Marahaba, mwanangu. Umemaliza?"

"Bado tisa. Nimechoka, mama. Inatosha."

Akalitazama begi langu. Akaniuliza, "Mimi unajua napigwa ngapi?"

Nikasema sijui.

"Tano. Tano tu, narudi kwangu. Umewahi kujiuliza kwa nini wewe ishirini na tano na mimi tano?"

Nilidhani yeye ugonjwa wake mdogo. Nikamwambia hivyo.

Akatikisa kichwa. "Mwaka juzi nilipangiwa kama wewe. Nikapigwa kumi na nne. Ngozi ikatoka, nikasema hawa wananiua, na mikorosho yangu ilikuwa imeanza kudondosha. Nikafunga begi kama hilo. Nimerudi mwaka huu, wamenipima, wameniambia mama, umeshapanda kwenye mifupa. Hizi tano ni za kunipunguzia maumivu nipate usingizi. Alhamdulillahi, usingizi naupata. Lakini wewe, mwanangu, hukuitwa kwa ajili ya usingizi. Wewe umeitwa upone."

Nilisimama pale na begi mkononi. Nilishindwa kujua ni hasira au ni hofu iliyonishika. Nikamwambia, "Hata wao hawajui kama nitapona."

Akasema, "Hawajui. Mimi yangu wanaijua. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningechukua hiyo yako ya kutojua."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua begi langu, akaliweka nyuma ya mgongo wake, akaliegemea. Akafumba macho kana kwamba amelala. Ningetaka kuondoka ningelazimika kumsukuma mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata alinisindikiza. Yeye zamu yake ilikuwa alasiri, na kutembea kulimuuma, lakini alinishika mkono mpaka kwenye benchi la kusubiri. Jina langu lilipoitwa, akanyanyua mikono akaniombea dua, kwa Kiarabu ambacho sikukielewa, nami nikajibu amina. Nikaingia. Mlango ukajifunga. Hiyo ndiyo siku ya kumi na saba. Nililala chali, sikushika kingo za meza tena. Nikahesabu pumzi mpaka mlio ukakoma.

Nikamaliza zote ishirini na tano. Muujiza wa kuwasimulia katika siku zile nane za mwisho sina. Nilichubuka, nilipakwa dawa, nililia, nikaingia tena kesho yake.

Baada ya hapo majuma kumi ya kungoja nyumbani, na naona yalikuwa magumu kuliko mionzi yenyewe. Kisha picha nyingine. Yule kijana wa hapa Songea alishika majibu, akayasoma mara mbili huku sisi tumekaa mbele yake. Mume wangu alinishika kidole kimoja, sijui kwa nini kimoja, akakikamua mpaka kikaniuma.

Daktari akasema, "Umesinyaa zaidi ya nusu. Na umeachia kizazi. Sasa tunaweza kukata."

Mume wangu akasema, "Rudia." Akarudia.

Nilifanyiwa upasuaji mkubwa. Nyama iliyotolewa ikapimwa kingo zake, na kingo zikakutwa safi. Njia ya zamani imeshonwa, haitafunguka. Mfuko huu ninao mpaka leo, uko hapa chini ya gauni, na hakuna kati yenu aliyeuona. Nilijishonea mkanda wa kuushikilia, na nimewashonea wengine.

Hasara zipo, nisiwapake mafuta. Mionzi ilinikausha, mambo ya wanawake yakakoma mara moja, na chumbani mimi na mume wangu tulilazimika kujifunza upya, kwa subira na kwa kwenda kuuliza. Msiinamishe vichwa, wanaume, ninyi ndio mnaopaswa kusikia hili. Mume wangu alijifunza kubadilisha mfuko kabla yangu. Mimi nilikuwa nautazama ukuta, yeye anaosha, anakausha, anabandika, anasema, "Tayari." Huu ni mwaka wa tatu tangu upasuaji. Naendelea kupimwa, na kila nikienda kupimwa silali vizuri siku kadhaa kabla. Sijui ya kesho. Nimejifunza kukaa na kutojua huko.

Sasa shukrani. Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, aliyenibeba mbele za watu. Namshukuru dada yangu, ambaye siku hizi akisikia mtu anatoka damu anampeleka mwenyewe hospitali, na hakubali kuambiwa kesho. Nawashukuru ninyi wa jumuiya mliomlimia mume wangu shamba nilipokuwa mezani kwa wapasuaji. Namshukuru yule daktari kijana kwa kunipokea mara ya pili kana kwamba ndiyo ya kwanza, na yule dada wa mashine kwa mikono yake mepesi. Na namshukuru mama wa Tunduru. Binti yake alinipigia simu miezi saba baada ya mimi kumaliza. Akaniambia mama ametangulia, na kwamba alikuwa akiwauliza mara kwa mara, "Yule mwanangu wa Songea alimaliza zake?" Wakamwambia alimaliza. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Fundisho langu ni dogo. Damu kwenye haja si lazima iwe saratani. Mara nyingi ni bawasiri kweli. Lakini wewe huwezi kujua ukiwa chooni, na mimi sikujua. Anayejua ni mwenye kupima, na kupima ni dakika moja. Na ukishaanza mionzi, umalize.

Alhamisi hii nina kliniki. Natoka Lizaboni saa moja asubuhi, nakwenda kwa miguu, napita barabara kubwa mpaka hospitali. Aliye na jambo asilolisema aungane nami popote njiani. Sitamuuliza anaumwa nini. Tutaongea habari za mvua mpaka getini, na tukifika nitamngojea nje mpaka atoke.